Moto wa Makaa: Somo la Kuyachunguza Maandiko kwa Msaada wa Simu

Mafungu ya kusoma: Yohana 18:15–27 na Yohana 21:1–19.

Kabla ya kuyasoma maneno yangu, nawasihi muyasome kwanza mafungu hayo mawili, kwa sauti, bila haraka. Mwenye kitabu na afungue kitabu; mwenye Biblia ndani ya simu na afungue simu; asiyejua kusoma na amwombe mtoto wake amsomee. Msipofanya hivyo, somo hili litakuwa kama chakula kilichosimuliwa tu wala hakikuliwa.

Mwezi huu nataka kunena habari ya jambo ambalo walimu na wainjilisti wengi wameniuliza. Siku hizi Biblia imo ndani ya simu, na pamoja nayo zimo tafsiri nyingi, na kamusi, na hata maneno ya Kiyunani na ya Kiebrania. Je, yafaa kujifunza Maandiko kwa chombo hiki? Jibu langu ni hili: yafaa sana, lakini chombo kina kanuni zake. Tena sitajibu kwa maneno matupu. Nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe mimbarani, ili mwingine asilirudie.

1. Chombo hiki ni cha namna gani?

Wako wanaodhani kwamba kazi hii ya simu ni jambo geni kabisa. Sivyo. Ni itifaki ya zamani, iliyorahisishwa. Itifaki ni kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na kutaja mahali yanapopatikana. Katika karne ya 13 Hugo wa Saint-Cher, pamoja na watawa wenzake wa Kidominiko huko Paris, walitunga itifaki ya Biblia ya Kilatini kwa mikono yao. Mwaka 1551 Robert Estienne alichapa Agano Jipya la Kiyunani lenye mistari iliyohesabiwa; ndiyo sababu leo tukisema Yohana 21:15 kila mtu hupaona mara moja. Mwaka 1737 Alexander Cruden alitoa itifaki yake ya Kiingereza huko London. Mwaka 1890 James Strong wa Marekani alitoa nyingine, naye akalipa kila neno la asili la Kiebrania na la Kiyunani namba yake, ili hata mtu asiyejua lugha hizo aweze kuona ni neno gani lililo nyuma ya tafsiri. Mwaka 1957 kasisi John Ellison alitoa itifaki ya Kiingereza iliyopangwa kwa kompyuta. Basi kazi iliyowachosha watu miaka mingi sasa imo mfukoni mwa kijana wa kipaimara.

Programu iitwayo YouVersion, iliyoanza katika simu mwaka 2008, inazo tafsiri za Kiswahili. Nyingine iitwayo STEP Bible, iliyotengenezwa na Tyndale House ya Cambridge, hutolewa bure, nayo huonyesha neno la asili la kila mstari. Vyombo vya namna hii vyafanya kazi tatu: kutafuta neno, kuweka tafsiri mbili kando kwa kando, na kuonyesha neno la asili. Kazi ya nne, yaani kulisoma fungu na kulifikiri, imebaki kuwa yetu.

Tena fahamuni jinsi mashine inavyotafuta. Mara nyingi hutafuta herufi, haitafuti maana. Na Kiswahili chetu hubadilisha neno mwanzoni mwake: nakupenda, alimpenda, upendo, mpendwa, wapenzi. Ukiandika “upendo” tu, hutaletewa jibu la Petro penye ufuo wa ziwa, kwa maana pale hakusema “upendo”, alisema “nakupenda”. Nawe ukiandika “pend” katika programu inayotafuta herufi po pote zilipo, utaletewa pia “pendeza” na “upendeleo”. Kwa hiyo mtu asiseme, “Jambo hili halimo katika kitabu fulani,” kwa sababu tu simu haikumletea.

2. Kosa langu

Miaka michache iliyopita, katika majuma yanayofuata Pasaka, ilinipasa kuhubiri juu ya Yohana 21. Juma lile nilikuwa na maziko mawili, na usiku wa Jumamosi ulinikuta sijaandika neno lo lote. Nalifungua simu nikatazama mstari wa 15 hata wa 17. Nikaona kwamba Bwana anamwuliza Petro mara tatu kama anampenda, na kwa Kiswahili neno ni moja tu, lakini kwa Kiyunani yako mawili. Katika maswali mawili ya kwanza Bwana alitumia neno agapao. Petro alijibu kila mara kwa neno phileo. Na katika swali la tatu Bwana naye alitumia phileo. Nikaigusa namba ya neno la kwanza, kamusi fupi ikasema kwamba ndilo neno la upendo wa juu. Nikaigusa ya pili, ikasema kwamba ni upendo wa rafiki kwa rafiki. Nalifurahi kama mtu aliyeokota fedha njiani. Kwa muda wa robo saa hotuba yangu ilikuwa tayari.

Kesho yake nalisimama nikawaambia watu kwamba Bwana alimwomba Petro upendo wa kimbingu, naye Petro akaweza kutoa upendo wa kibinadamu tu, hata mwisho Bwana akashuka mpaka kipimo cha Petro. Nikaongeza neno moja ambalo hata leo naliona haya: nalisema kwamba Biblia yetu ya Kiswahili inalificha jambo hili, wala hamwezi kulijua msipotazama Kiyunani. Watu walitikisa vichwa kwa kustaajabu, nami nikadhani kwamba nimewalisha.

3. Swali la bibi mmoja

Baada ya ibada, bibi mmoja mjane wa usharika wetu aliningoja mlangoni, Biblia yake mkononi, imefungwa kwa kitambaa kwa sababu jalada limeachana na kurasa.

“Shikamoo, Bibi,” nikamwambia.

“Marahaba, Baba Mchungaji. Nina neno. Kitabu hiki nakisoma tangu kipaimara changu. Leo umesema kwamba Bwana hakumwuliza Petro neno lile ninalolisoma mimi. Je, miaka yote hii nalisoma kivuli tu? Na sisi tusio na simu, nani atatuambia Bwana alisema nini?”

Sikuwa na jibu. Nalisema maneno mawili matatu ya kumtuliza, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Lakini nalijua rohoni kwamba nimefanya jambo zito. Sikumwongezea mjane yule neno la Mungu. Nalimpunguzia tumaini lake katika lile alilokuwa nalo. Nasi tu Walutheri! Martin Luther alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka Septemba 1522, ili watu wasio wasomi waisikie sauti ya Bwana nyumbani mwao. Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri, alitoa Agano Jipya la Kiswahili mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Na Biblia ya Muungano ilitoka mwaka 1952. Watu hao walifanya kazi ili bibi yule asihitaji kuningoja mimi mlangoni. Nami kwa robo saa ya simu nalimrudisha nyuma.

4. Kuyarudia Maandiko

Siku ya pili nalikaa na simu ile ile, na daftari, na Biblia ya karatasi. Safari hii sikuiuliza kamusi maana ya maneno yale mawili. Nalitafuta kila mahali yanapotumika katika Injili ya Yohana, nikayaandika, kisha nikasoma kila mahali pamoja na mistari iliyo juu yake na iliyo chini yake. Ilinichukua siku mbili. Haya ndiyo niliyoyaona.

Katika Yohana 3:35 Baba ampenda Mwana, na neno ni agapao. Katika Yohana 5:20 Baba ampenda Mwana, na neno ni phileo. Je, Baba ampenda Mwana kwa upendo wa juu katika sura ya tatu, na kwa upendo mdogo katika sura ya tano? Hasha! Yule mwanafunzi aliyependwa na Yesu atajwa kwa agapao katika 13:23, na kwa phileo katika 20:2. Habari za Lazaro katika sura ya 11 zatumia maneno yote mawili: phileo katika mstari wa 3, agapao katika mstari wa 5, na tena phileo katika mstari wa 36.

Kisha nikaona jambo lingine. Katika Yohana 3:19 watu walipenda giza, na katika 12:43 walipenda kusifiwa na wanadamu. Mahali pote pawili neno ni agapao, lile nililoliita la kimbingu. Dema alipomwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, 2 Timotheo 4:10, neno ni lilo hilo. Na katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, neno hilo latumika hata kwa Amnoni alipomtamani Tamari, 2 Samweli 13:1. Jengo langu la Jumapili likaanguka lote.

Mwisho nikalitazama fungu lenyewe kwa makini zaidi. Mle mle katika mistari mitatu Yohana abadili maneno mengine pia. Mara asema wana-kondoo, mara kondoo. Mara kulisha, mara kuchunga. Na kwa kujua kwa Bwana atumia maneno mawili ya Kiyunani katika mstari mmoja. Hiyo ndiyo desturi ya mwandishi huyu: hubadilisha maneno yanayokaribiana. Wako wataalamu wanaoona tofauti kati ya upendo huu na ule katika fungu hili, wala siwadharau. Lakini fungu lenyewe halitulazimishi, na hotuba nzima haiwezi kusimama juu ya mguu huo mmoja. Watafsiri wetu walioandika neno moja la Kiswahili hawakuficha kitu.

Kosa langu lilikuwa hili: nalichukua maana moja katika kamusi, iliyonipendeza, nikailazimisha ndani ya mstari. Mfano wake ni mgeni anayejifunza Kiswahili. Amsikia mama akimwambia mtoto, “Kaa hapa.” Afungua kamusi, aona kwamba kaa ni mnyama wa pwani aendaye upande, tena ni kipande cha moto jikoni, tena ni kuketi. Akichagua maana inayompendeza, atasema kwamba mama amemwita mwanawe mnyama wa baharini. Sisi twacheka, kwa maana twalisikia neno pamoja na wenzake. Basi neno la Kiyunani nalo lina wenzake, na hao ndio wanaotueleza maana yake.

5. Moto wa makaa

Hata hivyo Bwana hakuniacha mikono mitupu. Nilipokuwa nikiisoma sura ya 21 tangu mwanzo, safari hii bila kukimbilia mstari wa 15, nalifika mstari wa 9: wanafunzi washuka pwani, waona moto wa makaa. Nikasimama. Nikajiuliza, Makaa ya nini? Yohana ana haja gani ya kututajia aina ya moto? Nikaitafuta simu inionyeshe mahali pengine. Neno lile la Kiyunani, anthrakia, lapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote: hapo, na katika Yohana 18:18. Na katika 18:18 ni nani anayeota moto? Ni Petro, uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, akiwa pamoja na watumishi, naye akana mara tatu: mstari wa 17, wa 25 na wa 27. Luka naye ataja moto wa uani, lakini Yohana peke yake ndiye atajaye makaa.

Basi sasa fungu laeleweka. Petro alimkana Bwana mara tatu penye moto wa makaa. Na Bwana aliyefufuka amwashia moto wa makaa, amlisha kwanza mkate na samaki, kisha amwuliza mara tatu. Sababu ya huzuni ya Petro nayo imeandikwa waziwazi katika mstari wa 17: alihuzunika kwa kuwa ameulizwa mara ya tatu. Yohana hasemi kwamba alihuzunika kwa kubadilishwa neno. Mimi nalikuwa nimeipita sababu iliyoandikwa, nikatunga yangu.

Tazameni pia jinsi Bwana asivyomwita Petro kwa jina alilompa mwenyewe katika Yohana 1:42. Mara tatu amwita Simoni wa Yohana, kama mtu anayeanzishwa upya. Wala hamtaji dhambi yake hata mara moja. Moto unatosha kumkumbusha, na swali linatosha kumponya. Na kila jibu lafuatwa na kazi: kondoo ni wa Bwana, naye awaweka mkononi mwa mtu aliyeanguka. Kisha katika mistari ya 18 na 19 ahadi ile ya Petro katika 13:37, kwamba atautoa uhai wake, ambayo usiku ule ilikuwa majivuno, yapokewa na Bwana na kufanywa kweli.

Haya yote yamo katika Biblia ya Kiswahili. Moto wa makaa umeandikwa mahali pote pawili, kwa maneno yale yale. Mara tatu imeandikwa. Huzuni na sababu yake imeandikwa.

Jumapili iliyofuata nalisimama mbele ya usharika nikakiri kosa langu, nikawasomea sura ya 18 na ya 21. Baada ya ibada nalimtafuta bibi yule, nikamwambia, “Bibi, kitabu chako hakikukuficha neno. Je, umeusikia moto wa makaa?”

Akanitazama kwa upole, akasema, “Baba Mchungaji, mimi napika kwa makaa kila siku. Moto ule nimeuona zamani. Nalidhani wachungaji wote wanaujua.”

6. Kanuni za kuzishika

Kwanza, soma fungu lote mara tatu kabla ya kutafuta neno lo lote, na mara moja katika hizo lisome kwa sauti. Andika katika daftari maneno yanayorudiwa, watu, mahali, na sababu zilizotajwa na mwandishi mwenyewe.

Pili, swali litoke katika fungu, kisha ndipo ufungue chombo. Mimi nalianza kwa chombo, nikapata jibu la swali ambalo Yohana hakuliuliza.

Tatu, weka tafsiri mbili kando kwa kando, kama Biblia ya Muungano na Habari Njema. Zinapoachana, hapo ndipo pa kutazama neno la asili. Mathalani katika Yohana 3:8 neno la Kiyunani la upepo na la Roho ni moja, pneuma. Kulijua hilo kwasaidia kweli kuufahamu mfano ambao Bwana alimpa Nikodemo.

Nne, usichukue maana katika kamusi bila kusoma mahali neno linapotumika, kwanza katika kitabu kile kile, kisha kwa waandishi wengine.

Tano, siku hizi iko pia mitambo ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maneno mazuri kama ya mtu. Yaweza kusaidia, lakini yaweza pia kutaja mstari usiokuwako, tena bila kusitasita. Kila mstari uliotajwa ufungue kwa mkono wako. Watu wa Beroya walimchunguza hata Paulo, Matendo 17:11; sembuse mashine?

Sita, kamwe usimwache msikilizaji akidhani kwamba Biblia yake haimtoshi kwa wokovu. Luther mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wazitunze lugha za asili, akizifananisha na ala iuhifadhiyo upanga wa Roho. Basi mchungaji na mwalimu wajifunze lugha hizo kadiri wawezavyo. Lakini ala ni ya kuuhifadhi upanga, si ya kuwatisha kondoo.

Mwaka 1539 Luther huyo huyo alitaja mambo matatu yamfanyayo mtu kuwa mwanateolojia: sala, kutafakari, na majaribu. La kwanza simu haiwezi kulifanya kwa niaba yako. La pili yaweza kulisaidia au kuliharibu. La tatu nalilipata mlangoni mwa kanisa, kwa mkono wa mjane.

7. Maswali kwa darasa la Biblia

(a) Petro aliulizwa nini uani, na akajibu nini kila mara? Linganisheni na maswali ya Bwana pwani.

(b) Tafuteni, kwa simu au kwa kupekua kurasa, mahali Yohana anaponena habari za kondoo na mchungaji katika sura ya 10. Je, mchungaji mwema afanya nini kwa ajili ya kondoo, na jambo hilo lahusianaje na 21:18–19?

(c) Je, yuko mtu katika usharika wenu aliyeanguka, ambaye watu humkumbusha kosa lake kila siku? Bwana alimrudishaje Petro, nasi twapaswa kumrudishaje huyo?

Tuombe: Bwana Yesu, utuoneshe lililoandikwa kabla hatujatafuta lililofichwa. Utusamehe tuliposema zaidi ya neno lako. Utulishe kwanza, kisha utuulize, nasi tutakujibu. Amina.